Ubao Uliishi Wapi Kabla? Kisa cha Makabati ya Gereji Yaliyojengwa kwa Vitu Vilivyokwishatumika

Kisa hiki ni cha familia moja iliyojenga makabati ya kuhifadhia vitu katika gereji ya nyumbani kwa kutumia mbao, milango na makabati ya jikoni yaliyokuwa njiani kwenda kutupwa. Niliifuatilia kazi hiyo tangu mbao za kwanza zilipoingia ndani hadi msimu mzima wa mvua ulipopita. Wahusika wameridhia kiandikwe bila majina na bila chochote cha kuwatambulisha.

Nimekichagua kwa sababu kazi ilifanywa kwa bidii na kwa akili, na bado sehemu tatu ziliharibika. Zote tatu ziliharibika kwa chanzo kimoja, na chanzo hicho hukioni ukiuangalia ubao. Lazima uuulizie.

## Usuli

Gereji yenyewe ni ya gari moja, ina upana wa mita 3.1 na urefu wa mita 5.4. Kuta ni za matofali ya saruji yenye matundu ndani. Sakafu ni ya zege, imemwagwa kwa mteremko mdogo kuelekea mlangoni ili maji yanayodondoka kwenye gari yatoke nje. Mteremko huo ni jambo jema kwa gari, lakini kwa fundi wa makabati una maana kwamba hakuna kabati litakalosimama wima bila kurekebishwa miguu.

Wajenzi walikuwa watatu: mama mwenye nyumba, kijana wake aliyekuwa likizo, na mzee jirani aliyestaafu kazi ya useremala. Gari lilikuwa limeshahamia nje zamani. Ndani kulijaa makopo ya rangi yaliyobaki baada ya ukarabati, zana za bustani, baiskeli, vipuri, masanduku ya vitabu, na vile vitu ambavyo kila nyumba huvitunza kwa kuamini kwamba siku moja vitahitajika.

Kijana alitaka kuanza kukata siku hiyohiyo. Mzee alimzuia. "Tuanze na mzigo, kijana wangu. Mbao zitasubiri." Wakachukua mizani ya kupimia uzito wa mwili, wakapima kila kilichokuwa ndani, wakaandika. Kopo la rangi la lita 4 lilikuwa na kilo 5 hadi 6. Sanduku la vitabu ambalo kijana alilibeba bila kulalamika lilikuwa na kilo zaidi ya 20. Orodha hiyo ndiyo iliyoongoza maamuzi mengi mazuri yaliyofuata, na ningependa kuiona kwa kila mtu anayejenga kabati, hata kabati la mbao mpya.

Wakapima nafasi pia. Gari lina upana wa takribani mita 1.8. Mlango wa dereva unahitaji sentimita 70 kufunguka kwa raha, na upande wa pili huwezi kuegesha ukigusa ukuta. Ukutani ubavuni, kwa hiyo, zilibaki sentimita 40 tu za kina. Nyuma kulikuwa na nafasi zaidi ya mita moja, na hapo ndipo makabati ya kina kirefu yangekaa.

## Vitu vilivyopatikana na namna vilivyochambuliwa

Vitu vilitoka sehemu nne. Nyumba ya jirani ilikuwa inabadilisha jiko, ikatoa maboksi ya makabati ya chini: matatu ya upana wa sentimita 60 na moja la sentimita 90, yote ya chipbodi ya milimita 16 (ubao wa vipande vidogo vya mbao vilivyobanwa kwa gundi) iliyofunikwa melamini, ngozi nyembamba na ngumu ya plastiki. Nyumba hiyohiyo ikatoa milango ya vyumba, ile myepesi yenye uwazi ndani. Eneo la ujenzi likatoa vipande vya plaiwudi ya milimita 18 iliyotumika kufungia zege, vikiwa na saruji imegandia pembezoni. Na ghala moja likatoa paleti, yale majukwaa ya mbao ya kubebea mizigo, zilizokuwa zimerundikwa uani kwake. Baadaye likaja pia kabati jembamba la chuma kutoka ofisi iliyohama.

Uchambuzi wa paleti ulifanywa vizuri kuliko nilivyowahi kuona kwingine. Paleti inayovuka mipaka ya nchi hupigwa muhuri wa kanuni ya kimataifa iitwayo ISPM 15: alama ya suke la ngano, herufi mbili za nchi ilikotoka, namba ya mtengenezaji, na herufi za namna mbao zilivyotibiwa. HT maana yake zimepashwa moto hadi kiini cha ubao kikafika nyuzi 56 za selsiasi na kubaki hapo kwa dakika 30 mfululizo. MB maana yake zimefukizwa kwa methili bromidi, gesi yenye sumu ambayo pia huharibu tabaka la ozoni na imewekewa udhibiti chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987. Paleti yenye MB ilirudishwa. Nyingine ilikuwa na muhuri safi wa HT lakini pia doa jeusi lenye harufu ya kemikali, nayo ikarudishwa. Mzee alikuwa na haki. Muhuri unasema wadudu waliuawa siku ubao ulipotoka kiwandani. Hausemi kilichomwagikia paleti hiyo katika safari zake zote.

Mbao mbili zilizokuwa na rangi ya kijani iliyopauka ziliachwa bila kukatwa. Mbao za nje za zamani zilitibiwa mara nyingi kwa mchanganyiko wa shaba, kromi na aseniki, na vumbi lake halifai kuvutwa, wala mbao hizo hazifai kuchomwa moto. Mlango mmoja wa zamani wenye matabaka mengi ya rangi nao uliachwa, kwa kuwa rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, na kuipiga msasa ikiwa kavu ni kueneza risasi hiyo nyumba nzima.

Zilizobaki zilipitishwa sumaku kutafuta misumari iliyojificha, zikagongwa kusikiliza kama plaiwudi imeachana tabaka, na kukaguliwa kama zina vitundu vyenye unga laini, dalili ya wadudu wanaotoboa mbao. Kisha zikapangwa kwa ukubwa: ndefu huku, fupi kule, pana pale.

Hapo, kwenye kupanga kwa ukubwa, ndipo kosa lilipozaliwa, ingawa siku hiyo hakuna aliyeweza kuliona.

## Maamuzi ya mpango

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoyabomoa maboksi ya jikoni. Kijana alitaka kuyafungua ili apate mabamba na kuunda makabati ya vipimo vyake mwenyewe. Mzee alikataa, kwa sababu chipbodi hushika skrubu mara ya kwanza tu kwa nguvu inayoaminika. Ukiifungua na kufunga tena katika tundu lilelile, nyuzi zilizokatwa na skrubu ya kwanza hazipo tena, na kiungo hulegea. Boksi zima, pamoja na bamba lake la nyuma, linasimama imara. Bamba hilo la nyuma, hata likiwa hadibodi nyembamba, ndilo linalozuia boksi kulala upande. Kwa hiyo maboksi yakawa ndiyo kipimo, na kila kitu kingine kikafuata upana wake.

Uamuzi wa pili ulihusu ukuta. Matofali yenye matundu hayaaminiki kwa boliti za kawaida za kutanuka, kwa sababu boliti inaweza kutanukia kwenye uwazi au kupasua ukingo mwembamba wa tofali. Wakakubaliana kwamba uzito wote wa makabati ya nyuma ushuke sakafuni, na ukuta ufanye kazi moja tu: kuyazuia yasianguke mbele. Ubao mmoja mrefu ulifungwa ukutani katika nukta nyingi, na kila boksi likafungwa kwenye ubao huo. Nukta nyingi zenye mzigo mdogo kila moja ni salama kuliko nukta mbili zenye mzigo mkubwa.

Uamuzi wa tatu ulihusu rafu, na hapa nataka kukaa kidogo.

Boksi la sentimita 90 lilitengwa kwa makopo ya rangi. Kopo la lita 4 lina kipenyo cha takribani sentimita 17, kwa hiyo rafu hiyo inabeba matano kwa upana na matatu kwa kina, makopo 15, zaidi ya kilo 80. Jikoni rafu hiyohiyo ilibeba sufuria na sahani. Mzee alipiga hesabu kwenye kipande cha kadi: chipbodi ya milimita 16, ikiwa imeshikwa kwenye ncha mbili tu, ingepinda karibu sentimita 2 katikati mara tu makopo yakiwekwa. Na chipbodi haisimami hapo. Huendelea kulegea polepole mwezi baada ya mwezi hata mzigo usipoongezwa.

Watu wengi hudhani suluhisho ni rafu nene zaidi. Unene unasaidia sana, maana ukiuongeza maradufu, mpindo hushuka hadi moja ya nane. Lakini umbali kati ya nguzo una nguvu zaidi. Kwa mzigo uliotandazwa rafu nzima, ukipunguza umbali huo kwa nusu, mpindo hushuka hadi moja ya kumi na sita. Bamba moja la kusimama katikati ya boksi lilitosha kuibadilisha sentimita 2 ile kuwa milimita 1 na kidogo. Lilikatwa kutoka plaiwudi ya zege, likawekwa kabla ya kopo la kwanza kuingia.

Kwenye rafu zilizobaki walitumia njia nyingine. Ubao wa paleti wenye unene wa sentimita 2 na upana wa sentimita 7 ulifungwa chini ya ukingo wa mbele, ukiwa umesimama kwa upana wake. Ubao huo peke yake una ukakamavu zaidi ya mara 10 ya rafu nzima ya chipbodi. Ukiulaza bapa, unapoteza karibu ukakamavu wote: uliosimama ni mgumu kupinda mara 12 kuliko uliolala, ingawa ni ubao uleule. Kijana aliujaribu kwa mkono wake kabla hajakubali, akiulaza na kuusimamisha juu ya matofali mawili na kuukanyaga. Hiyo ni njia bora ya kufundishwa jambo hili.

## Ujenzi

Kazi ilichukua likizo ya kijana na wikendi kadhaa baada yake. Sehemu kubwa ya muda haikwenda kwenye kujenga. Ilikwenda kwenye kung'oa misumari. Paleti hupigwa misumari yenye mizunguko inayouma mbao, na ukivuta kwa nguvu ubao hupasuka kabla msumari haujatoka. Walianza na mtaimbo, wakavunja mbao nyingi, kisha wakabadili njia: wakakata misumari yenyewe kati ya ubao na gogo linaloubeba kwa msumeno wa chuma, na kuacha vichwa mahali pake.

Maboksi yalipangwa ukutani nyuma. Miguu ya plastiki iliyokuja nayo ilikuwa imevunjika nusu, kwa hiyo iliyobaki ikang'olewa na maboksi yakakalishwa juu ya magogo ya paleti, yakipachikwa vibanzi hapa na pale hadi pimamaji ikatulia. Yaliunganishwa ubavu kwa ubavu kwa boliti zenye washa (vipete bapa vya chuma) pande zote mbili. Matundu ya zamani ya skrubu yalizibwa kwa vijiti vya mbao vilivyopakwa gundi, yakaachwa yakauke, kisha yakatobolewa upya.

Milango ya maboksi ilitoa furaha isiyotarajiwa. Viwanda vingi vya makabati ya namna hii hufuata mpangilio mmoja: matundu ya kikombe cha bawaba yenye kipenyo cha milimita 35, na safu ya matundu madogo iliyo milimita 37 kutoka ukingo wa mbele, yakiachana kwa milimita 32. Kwa sababu hiyo mlango uliopotea bawaba ulipata bawaba za mwingine, na zote zikakaa bila kutoboa tundu jipya hata moja. Mzee, ambaye maisha yake yote alichimba nafasi za bawaba kwa patasi, aliutazama mlango ule ukifungwa kimya, akaufungua tena, akaufunga.

Maboksi mawili hayakuwa na milango. Yalitengenezewa milango ya mbao za paleti, zikiwa zimeunganishwa kwa gundi ubavu kwa ubavu, bila nafasi. Zilipendeza sana.

Ukutani ubavuni, pale penye sentimita 40, milango miwili myepesi ilipasuliwa kwa urefu kuwa vipande vya upana wa sentimita 40 na urefu wa mita 2, ikawa rafu. Plaiwudi nzuri ya zege ilitumika juu, kama meza ya kazi na rafu za juu karibu na dari, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imara na yenye uso laini kuliko zote.

Petroli haikuingia kwenye makabati kabisa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi ukutane na cheche. Viyeyusho vya rangi vilipelekwa kwenye kabati la chuma, na vitambaa vilivyoloa mafuta ya kitani vilianikwa nje vikiwa vimetandazwa, kwa sababu vikikunjwa na kurundikwa hujipasha moto vyenyewe na vinaweza kuwaka.

## Mambo yalipoanza kwenda kombo

Wa kwanza kulalamika ulikuwa mlango wa mbao za paleti. Wiki chache baada ya kufungwa ulianza kukwaruza ubavu wa boksi, na mianya ikaonekana kati ya mbao. Mmoja wa milango hiyo miwili ulipinda kabisa, kona yake ya chini ikitokeza mbele.

Ikafuata rafu ya ubavuni. Mashine ya kutobolea iliyokuwa imewekwa juu yake ilizama mguu mmoja ndani ya uso wa rafu. Ukingo uliopasuliwa ulikuwa umeanza kushuka ukiwa bado na masanduku mepesi tu.

La tatu lilikuja na mvua. Maji hayakufurika. Utando tu wa maji uliingia chini ya mlango wa gereji siku ya upepo, na kwingine sakafu ilikuwa na unyevu wa kawaida wa zege. Magogo ya paleti yaliunyonya na kuupandisha. Maboksi mawili yalivimba chini, melamini ikapasuka pembezoni, na mlango mmoja ukakataa kufunga.

"Ikikauka itarudi?" mama aliuliza.

"Hairudi, mama," Mzee akajibu.

Jibu hilo lina sababu yake. Chipbodi hutengenezwa kwa kubana vipande vidogo vya mbao pamoja na gundi kwa shinikizo na joto. Maji yakiingia, vile vipande vilivyobanwa hufumuka na kurudia umbo lake, na vifungo vya gundi kati yao hukatika. Ukiikausha, maji hutoka, lakini mfumuko unabaki na vifungo haviungi tena.

## Marekebisho

Maboksi yalinyanyuliwa moja baada ya jingine, yakiwa matupu. Sehemu ya chini iliyovimba ilikatwa, na boksi likapewa kitako kipya cha plaiwudi ya zege, iliyoshushwa kutoka rafu za juu. Miguu ya plastiki iliyosalia ilitafutwa kwenye lundo la takataka, na iliyopungua ikatengenezwa kwa vipande vya plaiwudi hiyohiyo vilivyogundishwa pamoja, kingo zake zikipakwa rangi ya mafuta mara kadhaa, kwa kuwa plaiwudi hunywea maji kwenye ukingo. Chini ya kila mguu kuliwekwa kipande cha mpira. Sasa kuna sentimita 10 za hewa kati ya maboksi na sakafu, na bamba la mbele linalofunika nafasi hiyo linabanduka kwa mkono ili mtu aone na kufagia.

Milango ya paleti ilivunjwa. Mbao zikaachwa ndani ya gereji zikiwa zimepangwa na vijiti katikati ili hewa ipite, hadi uzito wake ukaacha kupungua kwenye mizani. Zilipojengwa upya hazikuunganishwa kwa gundi. Kila ubao ulifungwa kwa skrubu moja katikati kwenye mbao za kuvuka nyuma, na mwanya mdogo ukaachwa kati ya ubao na ubao.

Rafu za milango myepesi ziliondolewa. Vipande hivyo vikawa milango ya kabati refu la zana za bustani. Pale msumeno ulipoacha uwazi wenye makaratasi ya ndani, walisukuma makaratasi ndani kidogo, wakapachika ufito wa mbao na gundi. Rafu mpya za ubavuni zilitengenezwa kwa mbao za paleti zilizokwishakauka.

## Matokeo

Gari limerudi ndani. Msimu wa mvua uliofuata maji yaliingia tena chini ya mlango, yakapita chini ya maboksi na kukauka bila madhara. Rafu ya rangi haijapinda kwa kiasi cha kuonekana. Vilivyonunuliwa vipya vilikuwa skrubu, boliti, gundi, rangi ya kingo na bawaba chache za milango ya paleti. Kazi iliyorudiwa ilikula karibu muda uleule wa kazi ya kwanza, na huo ndio ulikuwa gharama kubwa ya mradi.

## Uchambuzi

Angalia vitu vinne vilivyoingia katika gereji hii na maisha viliyotoka kuyaishi.

Plaiwudi ya zege ilikuwa imeishi ndani ya saruji mbichi. Huundwa kwa gundi isiyoogopa maji, maana kazi yake ni kushika zege bichi na kuloa tena na tena. Chipbodi ya jikoni iliishi ndani ya nyumba kavu, ikiwa imenyanyuliwa juu ya miguu ya plastiki. Mlango mwepesi uliishi ukiwa wima, umening'inia kwenye bawaba, bila kubeba chochote isipokuwa uzito wake, na ndani yake hakuna mbao isipokuwa fremu pembezoni na makaratasi katikati. Mbao za paleti ziliishi uani, kwenye mvua na umande.

Sasa angalia zilivyopangwa mara ya kwanza. Plaiwudi iliyozoea maji iliwekwa karibu na dari, mahali pakavu kuliko pote. Chipbodi isiyostahimili maji iliwekwa sakafuni, na miguu iliyokuwa inailinda ikatupwa. Mlango usiojua kubeba ulilazwa ubebe, baada ya kupasuliwa na kunyang'anywa ubavu mmoja wa fremu yake. Mbao zenye maji zikaunganishwa kana kwamba ni kavu. Kila kitu kilikuwa kizuri, na karibu kila kimoja kilikuwa mahali pa mwenzake. Marekebisho hayakuhitaji vitu vipya. Yalihitaji kubadilishana nafasi.

Hayo ndiyo matokeo ya kupanga mbao kwa ukubwa. Rundo la mbao ndefu linakuuliza swali moja tu: nikate wapi? Kama zingepangwa kwa mahali zilipotoka, za jikoni pamoja, za zege pamoja, za uani pamoja, nadhani yeyote kati ya watu hawa watatu angeona mara moja ni rundo lipi likae chini. Hawakukosa ujuzi. Mzee anajua unyevu wa mbao kuliko mimi. Ila maisha yake yote alinunua mbao zilizokwishakaushwa, na swali la zilikotoka lilikuwa limejibiwa na muuzaji kabla hajafika dukani.

Kuhusu kukauka, inafaa kusisitiza kwamba ubao hupungua upana na unene, karibu haupungui urefu. Ubao wa paleti wa sentimita 9 au 10 ukitoka kwenye unyevu wa uani hadi ukavu wa ndani unaweza kupoteza milimita 2 au 3 za upana. Mbao sita zikiunganishwa kwa gundi, upungufu wote unakusanyika mahali pamoja, na penye udhaifu ndipo panapopasuka au kupinda. Skrubu moja katikati ya kila ubao inauruhusu upungue pande zote mbili bila kumsumbua jirani yake. Mzee alilijua hili. Hakulitumia kwa sababu mbao zilionekana kavu kwa macho na kwa mkono, na uso wa ubao hukauka siku nyingi kabla ya kiini.

Yaliyofaulu nayo yana mantiki hiyohiyo, ndiyo maana nayaamini. Maboksi hayakubomolewa, kwa hiyo yaliendelea kuishi kama maboksi. Bawaba zilitumika katika mpangilio zilioundiwa. Paleti zilikataliwa kwa historia yake, hata pale zilipokuwa na sura nzuri na muhuri safi. Familia ilikuwa imeshauliza swali sahihi siku ya kwanza, lakini iliuliza kwa ajili ya sumu peke yake. Swali lilelile, lililotumika kuokoa mapafu yao, lingeokoa na makabati.

Rafu ya rangi ni mfano wa pili wa jambo hili, kwa upande wa mzigo. Mzee hakuuliza kama rafu ni imara. Aliuliza ilibeba nini huko ilikotoka na itabeba nini hapa. Sahani na sufuria kule, kilo 80 za rangi hapa. Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo iliyompa sababu ya kuchukua penseli. Kwa rafu ya ubavuni hakuna aliyeuliza, kwa kuwa mlango unaonekana mnene na mzito kuliko ulivyo. Kuugonga kwa kifundo cha kidole katikati, kisha pembeni, kungetosha kusikia tofauti.

Liko jambo moja ambalo sikubaliani nalo hadi leo. Baada ya marekebisho familia iliongeza safu ya makabati madogo ya juu kwenye ukuta wa nyuma, na safari hii mzigo wote umebebwa na ukuta wenye matundu. Walitumia ubao uliokatwa kwa mshazari wa nyuzi 45, mmoja ukutani na mwenzake nyuma ya kabati, ukiingia ndani yake kwa uzito wenyewe. Njia hiyo ni nzuri na inamruhusu mtu mmoja kupachika kabati bila msaada. Lakini ubao wa ukutani umefungwa kwenye tofali zilezile ambazo mwanzoni walikubaliana kutozitwisha uzito. Niliwashauri waufunge kwenye nguzo za zege zilizo kwenye kona, au wateremshe mabamba mawili ya kusimama kutoka makabati ya juu hadi juu ya meza ili mzigo urudi sakafuni. Kwa sasa wamekubali kuweka humo vitu vyepesi tu, na kijana amechora mstari wa penseli ukutani chini ya kila kabati ili aone mapema kama lolote linashuka.